Adhuhuri Bila Kivuli Hagadera

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, huwaambia wateja wake kwamba mimi ni mwongo mwenye cheti. Husubiri kwanza washtuke, ndipo anaongeza, "Lakini uongo wake una hesabu ndani," kwa fahari ile ile anayoitumia kusifu meno ya mbuzi. Yeye ni mchuuzi katika soko la mifugo la Garissa, na kusifu ni kazi yake. Kazi yangu mimi ina pande mbili. Mchana napima hali ya hewa. Muda unaobaki naandika hadithi za sayansi: za vyombo vinavyovuka anga, za miji iliyochimbwa chini ya ardhi ya Mirihi, za mashine zinazojifunza kuomba msamaha.

Watu huniuliza mambo hayo yalinianzaje katika mji ambao mbuzi hupita mbele ya benki bila kuamkua mtu. Nadhani ni sufuri. Kila asubuhi naenda kwenye uwanja mdogo wenye ua, nainama juu ya kipimamvua, na miezi mingi ya mwaka sikuti kitu humo ila vumbi, au mdudu mmoja aliyedhani kuna maji. Naripoti sufuri. Kesho tena sufuri. Mtu anayeripoti sufuri mwezi mzima ama atalala, ama ataanza kuwaza. Mimi nilianza kuwaza. Nikawaza sayari ambayo mvua yake haifiki chini, inakauka ikiwa bado njiani. Baadaye nikasoma kwamba sayari hiyo ipo kweli, ni Zuhura, na mvua yake ni ya tindikali. Nilifurahi siku nzima, utadhani nimekuta jina langu limeandikwa ukutani katika mji wa ugenini.

Naandika kwa Kiswahili, jambo ambalo nyumbani kwetu mtaa wa Iftin lilichukuliwa kwanza kama homa ndogo itakayopita. Sisi tunazungumza Kisomali. Kiswahili nilikipata shuleni, kwa mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa na desturi ya kutusomea kwa sauti baada ya chakula cha mchana, wakati joto limetushinda sote na hesabu haziingii. Wenzangu walisinzia. Mimi nilisikiliza jinsi maneno yanavyoshikana mikono: kitu kimoja kikibadilika, sentensi nzima inageuka kukifuata, kama kundi la mbuzi likimfuata beberu. Hadi leo nabisha hodi kabla ya kuingia katika sentensi, maana najua si kwangu. Lakini nilipofika kwenye maneno ya anga nilijikuta nyumbani. Falaki, sayari, Zohali, Mirihi, hayo nilikuwa nimeyasikia dugsi, kwa maalimu wetu wa Kurani, kabla sijajua kusoma. Ilikuwa kama kwenda harusini kwa watu usiowajua, ukamkuta shangazi yako ndiye anayepakua wali.

Mwaka jana mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari huko Hagadera alinitumia ujumbe kwa simu. Hatukuwa tunajuana. Ni mtu wa miteremko ya Mlima Kenya, aliyeletwa na ajira katika kambi ile ya wakimbizi akaishia kupapenda. Alisema amewasomea wanafunzi wa chama cha sayansi hadithi yangu moja, na kwamba wamegawanyika makundi mawili juu ya mwisho wake, hata salamu hawapeani. "Njoo uwapatanishe," aliandika. "Siku chagua mwenyewe."

Siku niliijua papo hapo. Mstari wa ikweta unapita pale pale Hagadera. Hauonekani; punda wanauvuka na mikokoteni ya maji bila kupunguza mwendo. Lakini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua la adhuhuri husimama juu ya mstari huo sawasawa, na kwa muda mfupi kitu chochote kilichosimama wima hukosa kivuli. Jambo hili nilikuwa nalijua kwa hesabu. Nilikuwa nalijua pia kwa baba, ambaye alipokuwa hai alizoea kuchomeka fimbo yake uani atazame kama jua limepinduka, ili aswali. Lakini kwa macho yangu, juu ya ikweta yenyewe, sikuwahi kuliona. Nimezaliwa mwendo wa saa mbili tatu kutoka pale, nimeandika juu ya sayari zenye majua matatu, na sikuwahi kwenda kutazama jua letu hili moja likifanya mchezo wake.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutaka kutoka mjini. Kitabu nilichokuwa nakiandika kilikuwa kimegoma. Kilihusu mwanamke anayesafiri peke yake ndani ya chombo kwenda sayari ya mbali, safari ya miaka mingi. Nilikuwa nimemfikisha nusu ya njia, nikamkalisha dirishani atazame nyota, na hapo ndipo alipobaki. Kila nikifungua kompyuta namkuta pale pale. Nilimletea kimondo, alikitazama. Nikamharibia injini, akaitengeneza, akarudi dirishani. Nilianza kumwonea aibu, kama mgeni ambaye umeishiwa na la kumwambia.

Shangazi alikuja kwangu kunywa chai, nikamweleza safari.

"Unaenda Hagadera kufanya nini?"

"Kuona kivuli kikipotea."

Alinywa funda moja, akafikiri. "Na kikishapotea, nani anakitafuta?"

"Kinarudi chenyewe, Eeddo."

Eeddo ndiyo shangazi kwa Kisomali, dada ya baba, na kwa desturi yetu yeye naye huniita mimi eeddo, hivyo tunarushiana neno moja kama mpira. Nilimwona ameweka kikombe chini. Alikuwa na rafiki yake wa usichana Hagadera, muuza vitambaa, ambaye hawajaonana kwa muda mrefu. Naye mwanawe shangazi ana pikapu na hupeleka vitunguu huko. Kabla chai haijapoa safari yangu ilikuwa imeshakuwa safari yetu.

"Mvua je?" aliuliza. "Nataka kuvaa dira yangu ya hariri, lile gauni la sikukuu."

"Eeddo, huu ni Septemba. Deyr, mvua zetu za vuli, bado wiki kadhaa. Anga itakuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mimi ndiye ninayekwambia."

"Wewe ndiye unayeniambia," alirudia, na kuondoka.

Tukatoka Garissa baada ya swala ya alfajiri, watatu kwenye kiti cha mbele: binamu yangu usukanini, shangazi katikati kama malkia, mimi dirishani. Nyuma, juu ya magunia ya vitunguu, kulikuwa na bomba langu la chuma, jembamba na refu kunifika begani, pamoja na timazi ya fundi, ule uzi wenye kipande cha risasi, wa kuhakikishia kwamba bomba limesimama wima. Kwenye kizuizi cha polisi askari kijana alilinyanyua lile bomba akaligeuzageuza.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha kupimia kivuli, afande."

"Kivuli cha nani?"

"Cha hicho chuma chenyewe."

Alinitazama kwa namna ya mtu anayejiuliza kama anatukanwa. Hapo shangazi aliinama mbele yangu. Nyumbani huzungumza Kisomali cha kupendeza, chenye methali na mafumbo. Kiswahili chake ni cha sokoni, kimevaa kanzu ya Kisomali. "Afande," alisema, "hii mtoto nasoma sana. Kichwa yake najaa. Wacha tubite."

Askari alicheka, nami nikapata nafasi ya kumweleza kuhusu ikweta. Alisikiliza kweli kweli. Akauliza kama hata pale alipo anaweza kuona.

"Karibu sawa. Ikipita saa sita kidogo, simama barabarani ujitazame miguuni."

"Dada, nikisimama hapo barabarani saa sita," alisema akitufungulia njia, "sitaona kivuli tu. Nitaona na malaika."

Napenda barabara ile. Udongo ni mwekundu, migunga imekaa mbalimbali kama watu waliogombana, na ukibahatika unamwona swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma anachuma majani ya juu. Nilikuwa namtazama mmoja hivyo nikawaza jinsi sisi waandishi wa hadithi za anga tunavyoikimbia safari. Msafiri wetu tunamlaza kwenye sanduku la barafu, anaamka amefika. Labda ni kwa sababu wengi wetu tunaandikia mezani. Shangazi hakulala hata kidogo. Kila tulipopungua mwendo kwa mchungaji au kwa wanawake wenye mitungi alinipitia mbele akateremsha kioo changu: mmetoka wapi, malisho yakoje, fulani amepona? Kwetu wasafiri wakikutana hupeana habari za nyuma na za mbele, na asiyezitoa ni mchoyo kuliko anayenyima maji. Tulipofika Hagadera shangazi alikuwa anajua kwa nini bei ya maziwa imepanda, nani ameoa mara ya pili, na kwamba mzee mmoja njiani alikuwa amesema hewa inanuka mvua.

"Umesikia alichosema?" aliniuliza.

"Nimesikia. Wazee husema hivyo kila Septemba."

Binamu aliniteremsha shuleni, akampeleka mama yake sokoni kwa rafiki yake. Mwalimu alinipokea langoni, mwembamba, mwenye kofia pana ya majani, akaninyooshea mkono, akakumbuka umeshafika katikati kwamba kwetu mwanamke hapeani mkono na mwanamume wa kando, akaugeuza ukawa salamu ya kifuani. Tulicheka wote wawili. Ndani ya darasa la mabati wanafunzi walikuwa wamekaa kwa makundi yao, upande huu na upande ule, katikati wameacha njia kama ya gari la zima moto.

Hadithi waliyogombania ni ya mashine iliyotumwa jangwani kutafuta maji. Inayapata, mengi, safi, halafu inaamua kutomwambia mtu. Basi. Niliiandika kwa haraka na kuisahau. Wao hawakuisahau. Upande mmoja ulisema mashine ni msaliti. Wa pili ulisema imefanya busara, maana maji yakijulikana yatapiganiwa. Msichana mmoja wa hijabu ya kijani alisimama.

"Mwandishi, mashine ilikuwa na haki gani ya kunyamaza?"

"Sijui," nilisema.

"Umeandika mwenyewe na hujui?"

Darasa lilivuma. Nilijaribu kueleza kwamba mwandishi huijua hadithi kama mchungaji anavyomjua ngamia wake: anajua anakopenda kwenda, lakini hajui anachowaza. Yule msichana alisema kwa heshima kwamba jibu hilo ni zuri lakini si jibu. Mwalimu alijifanya anatafuta chaki. Nimesomwa na watu wa miji mikubwa, nimeulizwa juu ya mtindo na maudhui, na sijawahi kuwa na saa ya furaha kama ile, ya kukemewa na watoto ambao wameyachukua maneno yangu kwa uzito wa maji yenyewe. Sikuwapatanisha. Nilipomaliza walikuwa wamegawanyika makundi matatu.

Tulitoka nje kabla ya saa sita kuchomeka bomba. Tulilisimamisha kwenye mchanga, timazi ikaning'inia, wanafunzi wakazunguka. Kivuli kilikuwa kifupi kama kidole na kilikuwa kinaendelea kuingia ndani. Shangazi alikuwa amefika na rafiki yake, mwanamke mnene mchangamfu, wawili chini ya mwavuli mmoja, dira ya hariri ikimeremeta. Nilikuwa katikati ya kueleza jinsi dunia ilivyoinama kwenye njia yake nilipoona nyuso hazinitazami tena. Zilikuwa zinatazama nyuma yangu.

Upande wa kusini mashariki anga ilikuwa nyeusi kama chungu.

"Litapita," nilisema. "Ni wingu tu."

Kivuli cha bomba kilififia, kikawa kama doa la chai, kikaisha. Kiliisha kweli, ila kwa sababu isiyofaa. Upepo ukaja na harufu ile ambayo mtu wa kwetu akiinusa hata akiwa ughaibuni hulia. Tone la kwanza likagonga bomba, ting! Kila mtu akatega sikio kama amesikia sawa. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja, na shule nzima ikapiga kelele, "Roob! Roob!" yaani mvua, na badala ya kukimbilia chini ya mabati watoto walitoka madarasani wakaja uwanjani, hata wale ambao si wa sayansi, vinywa wazi, mikono juu. Punda mmoja akasimama na mkokoteni wake njiani akafumba macho.

Shangazi alikuwa amesimama palepale, mwavuli umegeuzwa na upepo ukawa bakuli. Dira ya hariri ilikuwa imemganda mwilini. Aliniita kwa sauti iliyoshinda mvua.

"Eeddo! Si wewe ndiye wa hali ya hewa?"

Alisema kwa Kisomali, na uwanja mzima ulisikia. Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Kisha nikakumbuka jambo nikaruka. Miezi na miezi ya sufuri, na leo mvua inanyesha juu ya kichwa changu sina kipimo!

"Mwalimu! Kopo! Kopo lolote!"

Alikimbia jikoni akarudi na kopo tupu la maziwa ya unga, kuta zake zimenyooka. Tukalichimbia uwanjani. Mvua ilipokatika tulipiga magoti tukatumbukiza rula, vichwa vyote vimekutana juu yake, na yule msichana wa hijabu ya kijani ndiye aliyesoma. Sitaandika hapa ilikuwa milimita ngapi, maana kopo la maziwa si kipimo halali na wenzangu wa kazini watanicheka. Ilikuwa nyingi. Walipiga makofi kana kwamba rula imefunga bao.

Binamu alirudi jioni na habari kwamba laga, ule mto mkavu tuliouvuka asubuhi bila kuuona, sasa ni mto kweli na umebeba mti mzima. Hakuna kurudi Garissa. Rafiki ya shangazi alilipokea jambo hilo kama zawadi aliyoiagiza yeye mwenyewe. Baada ya magharibi tulikuwa tumekaa kwake kwenye mkeka, nguo kavu za kuazima zinatutosha mara mbili, paa likidondosha matone ya mwisho kwenye sufuria. Tulikula canjeero, zile chapati za maji zilizochachushwa, na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, tukashushia chai ya iliki. Majirani wanawake waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akisema amekuja tu kuona kama nyumba haivuji.

Shangazi alinisukuma kwa kiwiko. "Wape ule uongo wako mpya."

Nikawasimulia kwa Kisomali habari za mwanamke wangu na chombo chake. Walisikiliza vizuri sana mpaka mwenyeji wetu aliponikatiza.

"Anasafiri na nani?"

"Peke yake."

Walitazamana. "Amegombana na watu wao?"

"Hapana."

"Ameiba?"

"Ni mwanasayansi."

"Na hakuna hata mmoja aliyemsindikiza," alisema taratibu, na nikaona amemhurumia kweli, kama mtu anayemjua. "Safari ya miaka mingi. Maskini mtoto wa watu. Akiumwa nani anampikia uji?"

"Kuna mashine..."

"Mashine!" walisema wote.

Basi walianza kumpakilia. Kwanza shangazi yake, hilo halikujadiliwa. Kisha mbuzi wa maziwa wawili, maana mmoja hunung'unika. Jirani mmoja alisema lazima awepo mtu wa kugombana naye, safari isiyo na ugomvi haina chumvi, wakamweka mwanamke anayedai kuwa aliwahi kuiona ile sayari kabla ya wengine na anayeijua njia fupi. Mwenyeji wetu aliomba nafasi ya vitambaa vyake: huko waendako watu watavaa nini? Shangazi alipinga, mzigo utakuwa mzito; wakabishana juu ya uzito wa hariri katika mahali pasipo na uzito, nikaitwa niamue kisayansi, na nilipoamua hakuna aliyenisikiliza. Nilikuwa nafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shuka la kuazima.

Katika kicheko hicho nilijiona. Vitabu vyote nilivyolelewa navyo vilinifundisha kwamba anayevuka anga huenda peke yake na mawazo yake makubwa. Nami nikaamini, mimi ambaye maishani mwangu sijawahi kwenda hata kung'oa jino bila watu wawili nyuma yangu na mmoja kwenye simu. Hata huku nilikuja kutazama kivuli tu, na nilikuwa nimesindikizwa na shangazi, binamu na magunia ya vitunguu. Mwanamke wangu hakukaa dirishani kwa sababu ya nyota. Alikuwa anangoja mtu wa kumwambia, "Njoo uone."

Asubuhi anga ilikuwa imefuliwa. Mwalimu alisema hatujachelewa: jua linahama kidogo sana kwa siku, na kivuli kitakachobaki kitajificha chini ya unene wa bomba lenyewe. Habari zilikuwa zimeenea. Kabla ya saa sita uwanja ulikuwa na chama cha sayansi, na wapishi, na wauza maziwa, na watu wa sokoni walioleta vitu vyao wenyewe kujaribu. Mmoja alikuja na dumu la maji, mwingine na nguzo ya hema. Bibi mmoja alileta mbuzi.

Kivuli cha bomba kilikuwa kinarudi ndani, polepole kuliko akrabu ya saa. Kelele zilipungua zenyewe. Kikawa upana wa dole gumba, kikawa ukucha, kikawa uzi. Kisha mchanga uliolizunguka bomba ulikuwa mweupe pande zote.

Nilitazama miguu yangu, na pindo la nguo yangu lilikuwa na kiduara cheusi chini yake basi, kama sahani niliyoikanyaga. Nilitazama umati: watu wote wamesimama juani kweupe na hakuna hata mmoja ambaye kivuli chake kimelala chini. Walionekana kama wamechorwa na mtu aliyesahau kuwaunganisha na ardhi, kama wanaweza kupaa wakati wowote. Nimeandika sayari nyingi. Sijawahi kuandika ya ajabu kama ile.

Aliyevunja ukimya ni shangazi, aliyekuwa anajizunguka akitafuta. Alimgeukia mwalimu.

"Mwalim! Kifuli yangu nabotea wabi?"

"Kufuli, mama?" Mwalimu alishtuka, akaanza kutazama chini. "Umepoteza kufuli? La mlango?"

"Kifuli! Kifuli yangu mimi! Ile ya mwili!"

Mlipuko wa kicheko ulikuwa mkubwa hata mbuzi wa bibi akakata kamba. Watoto walirukaruka wakijaribu kuona kama vivuli vyao vitabaki nyuma. Wengine waliinua viatu juu ya vichwa, wengine walilala chali, dumu likasimamishwa juu ya dumu. Yule msichana wa hijabu ya kijani alikuwa amepiga magoti kando ya bomba na hakuondoa macho, na ndiye aliyepaza sauti, "Kimerudi!" Upande wa mashariki wa bomba palikuwa na uzi mweusi, mwembamba. Jua limepinduka. Dakika hiyo hiyo, au karibu nayo, adhana ikaanza msikitini, ikaitikiwa na msikiti wa pili, na wa tatu.

Shangazi alinishika mkono. "Ndugu yangu angeipenda siku hii," alisema kwa Kisomali. Tukaenda kuswali.

Kitabu kile nilikimaliza baada ya miezi michache. Chombo sasa kina watu saba na mbuzi wawili, na kina kelele nyingi. Mhariri aliniuliza kama sina hofu kwamba wasomaji watasahau wako angani. Nilimjibu kwamba hata sisi huku tuko angani, na huwa tunasahau. Mwalimu wa fizikia aliwasomea wanafunzi sura za kwanza. Aliniandikia kwamba wamegombana.

Tuliondoka Hagadera mchana ule ule wa kivuli, laga imeshashuka kiasi cha kupitika, magurudumu yakiimba kwenye tope. Migunga iliyokuwa ya kijivu jana ilikuwa na weusi wa kulowa, na kila bonde lilishika kipande cha anga. Karibu na nusu ya njia tulikuta ngamia wakivuka barabara. Mbele yao palikuwa na dimbwi pana, na ndama wa ngamia, warefu wa miguu, waliozaliwa baada ya mvua za mwisho na hawajawahi kuona maji yamelala chini, walikuwa wamesimama ukingoni wamekataa. Wachungaji waliwasukuma, wapi. Mmoja alinusa maji, akaona ngamia mwingine humo ndani anamnusa yeye, akaruka nyuma kwa miguu yote minne.

Binamu alizima injini. Shangazi alinipita magotini akashuka, akavua ndala zake, akakunja dira yake ya hariri ambayo ilikuwa imeharibika tayari, akaingia dimbwini akiwaimbia ule wimbo wa kuwanywesha ngamia kisimani. Alikwenda mpaka katikati, maji yakamfika chini ya magoti, akageuka akawaangalia.

"Kaalaya," aliwaambia. Njooni.

Mkubwa kati yao alinyoosha shingo, akaweka mguu mmoja majini, akautoa, akautazama. Kisha akauweka tena.